Nani Alimfunga Kuku Mgeni? Asili na Maana ya Methali Moja

Muhula uliopita niliandika insha ya uhakiki juu ya riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Katika ukurasa wa pili nilisema kwamba Kazimoto, akiwa amerudi kijijini kutoka chuo kikuu, anaishi "kama samaki nje ya maji". Sentensi yenyewe niliipenda. Insha iliporudi nikakuta mstari mwekundu chini ya maneno hayo, na pembeni mwalimu ameandika maneno mawili tu: "Kiingereza hiki." Alama zilikuwa za kawaida, sikuzilalamikia. Lakini yale maneno mawili yalinichoma. Mimi niliyezaliwa na kukulia Mwanza, nikivuka barabara naliona ziwa, niambiwe samaki wangu ametoka Uingereza!

Makala haya yametokana na uchungu ule. Nilikusudia kuyaandika ili kuthibitisha kwamba mwalimu wangu amekosea. Nilivyoendelea kuulizauliza nikagundua kwamba kweli amekosea, ila si pale nilipodhani, na kwamba mimi nilikuwa nimekosea zaidi yake. Msomaji atanivumilia nikianza na samaki kabla ya kumfikia kuku aliyetajwa kwenye kichwa cha makala, maana ndiyo njia niliyopita mwenyewe.

Nilianzia Mwaloni, Kirumba. Kwa wasioufahamu mji huu, mwalo ni mahali pa ufukweni ambapo mitumbwi hufika na samaki hupokelewa, na Mwaloni wa Kirumba ni soko ambalo dagaa wakavu hupakiwa kwenda mbali mpaka Kongo. Nilimkuta mzee mmoja kivulini anatengeneza nyavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamtupia swali langu la kisomi: mzee, watu wa ziwani mkisema mtu fulani yuko kama samaki nje ya maji, mnakuwa na maana gani?

"Nani kasema hivyo?"

"Tuseme kuna mtu kasema."

"Samaki akishatoka majini ni mboga, mwanangu. Au ni hela."

Vijana waliokuwa wamekaa kwenye magunia wakacheka. Mmoja akasema labda huyo mtu anataka kuliwa. Nikacheka nao ili nisionekane nimekasirika, nikaanza kuaga. Mzee akanizuia. "Halafu inategemea ni samaki gani," akasema, na akaniuliza kama nimewahi kumwona kamongo aliyekufa kwenye nyavu.

Kamongo ni yule samaki mrefu mnene anayefanana na nyoka, mwenye mapezi membamba kama nyuzi. Kila mtoto wa kando ya ziwa anamjua, wengine kwa kumpenda na wengine kwa kumwogopa. Kitu ambacho sikukijua, na nilikwenda kukihakikisha baadaye kwenye vitabu vya viumbe, ni kwamba kamongo ana mapafu, na akishakua matamvua yake hayamtoshi. Ni lazima apande juu kila baada ya muda avute hewa. Kinamasi kikikauka anaweza kujichimbia topeni akalala humo mpaka maji yarudi. Lakini akinaswa na makila usiku akashindwa kupanda juu, asubuhi anakutwa mfu. Yaani samaki amekufa maji! Mzee alilieleza jambo hili bila kushangaa hata kidogo, kama mtu anayeeleza kwamba mvua inalowesha. Na kamongo hayuko peke yake. Kambale naye hupumua hewa na huweza kujikokota kwenye matope kutafuta dimbwi jingine. (Meli ya MV Clarias, iliyobeba watu wa Ukerewe kwa miaka mingi, imepewa jina la kitaalamu la kambale. Nani alichagua jina hilo sijui, lakini alilichagua vizuri.)

Basi niliondoka Mwaloni na tatizo la kifani. Tashibiha hujengwa juu ya jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanaliona kwa jicho moja. Ukisema "mweusi kama mkaa", sote tumeshauona mkaa na hatuna ugomvi juu ya rangi yake. Sasa kwa mvuvi, samaki nje ya maji ndiyo shabaha ya kazi yake ya usiku kucha. Hamhurumii. Hamwoni kama mtu aliyepotea. Na anawafahamu samaki wawili watatu ambao nchi kavu haiwapi shida sana. Tashibiha ile haikuweza kuzaliwa Mwaloni. Mimi mtoto wa ziwani nilikuwa nimeitoa darasani, na darasani iliingia kwa Kiingereza. Mpaka hapo mwalimu alikuwa ameshinda.

Nikaenda maktaba kutafuta Waingereza wenyewe waliitoa wapi. Hapo ndipo jambo likapinduka. Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, anaitumia katika utangulizi wa Canterbury Tales anapomchora mtawa mmoja mpenda kuwinda. Ulikuwapo msemo kwamba mtawa nje ya monasteri yake ni kama samaki asiye na maji, na mtawa yule wa Chaucer anaudharau. Maana yake ni kwamba Chaucer aliukuta msemo umeshazeeka. Ukifuata nyayo zake nyuma zaidi ya miaka elfu moja unafika kwa Mtakatifu Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, ambaye habari zake ziliandikwa na Atanasi, askofu wa Aleksandria. Kiongozi mmoja wa jeshi alimsihi Antoni akae naye zaidi. Antoni akamjibu kwa mfano wa samaki: kama samaki wanavyokufa wakikaa nchi kavu, ndivyo watawa wanavyolegea wakikaa muda mrefu na watu wa dunia. Kisha akarudi zake mlimani.

Kumbe si Kiingereza! Aliyeisema ni Mwafrika, katika nchi inayonyweshwa na Mto Nile, na mto huo unatoka katika ziwa hili hili, pale Jinja. Nakiri nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kukimbia mpaka ofisini kwa mwalimu. Lakini ukweli lazima usemwe: tashibiha haikusafiri na maji ya mto, tena maji yenyewe yanashuka kwenda Misri, hayapandi kuja kwetu. Mimi niliipata kwenye kitabu cha shule. Nikaamua kumwacha mwalimu apumzike.

Kilichobaki kichwani mwangu ni namna Antoni alivyoitumia. Ile ilikuwa kauli ya kuaga. Mtu ameshikwa mkono, anaambiwa kaa, naye anajibu kwamba maumbile yake hayamruhusu. Aliyetamka maneno ni mgeni mwenyewe, na aliyatamka apate kuondoka. Naomba msomaji alishike hili, maana kuku tunayemwendea sasa husemwa na mtu mwingine kabisa.

Baba yangu ni Msukuma wa Magu, mama yangu ni Mkerewe. Nyumbani tulizungumza Kiswahili tu, kwa hiyo Kisukuma nakisikia nusunusu na Kikerewe nakijua salamu na majina ya vyakula. Likizo ya Desemba nilivuka kwenda Ukerewe kumwona bibi mzaa mama. Kulikuwa na watu wengi pale, wajomba, wake zao na watoto ambao sikuwajua hata majina. Mazungumzo yalikwenda kwa Kikerewe. Nilipewa kiti cha plastiki, kimoja tu kilichokuwapo, wengine wote wamekaa chini mkekani au kwenye magogo. Nikakaa kwenye kiti changu, nikatoa simu. Bibi akanitazama, akageukia watu, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Mwacheni mume wangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Wote wakacheka. Mimi nikahisi uso umewaka moto.

Niliumia kwa sababu ya maana niliyokuwa nayo kichwani. Shuleni methali hii tulifundishwa hivi: mgeni mahali popote hakosi dalili za ugeni wake, iwe mavazi, lafudhi au matendo. Kwa maelezo hayo kamba ni alama. Ndiyo inayomtoa mtu. Kwa hiyo bibi alikuwa ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mjukuu wake amejitoa, na kwamba kiti cha plastiki na simu ndiyo kamba yake. Kwa siku mbili sikumsemesha sana.

Nilipoaga nikapewa tetea, kama ilivyo desturi kwetu, mgeni haondoki mikono mitupu. Nilimbeba kwapani kutoka Nansio mpaka nyumbani. Mama alipomwona akachana upindo wa khanga kuukuu nyekundu, akanipa, akasema mfunge kwenye mti karibu na banda. Nikamfunga. Kesho yake nilimhurumia. Alikuwa anazunguka mti ule mpaka kamba inaisha, kisha anazunguka upande wa pili. Nikaifungua kamba kwenye mti, mguuni nikaacha kipande. Saa sita mchana matetea wa nyumbani walikuwa wamemdonoa kichwa mpaka damu. Jioni hayupo. Asubuhi mtoto wa nyumba ya tatu akaja naye mkononi. "Mama anasema huyu ni mgeni wa kwenu," akasema. Walijuaje? Kitambaa chekundu mguuni.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimfungulia nani?" Maana yake, kwa manufaa ya nani. Akamfunga tena, safari hii kwa karibu wiki nzima, akimwekea chakula na maji pale pale, wenzake wakija kudokoa naye akiwapo. Siku ya kumfungua hakumfungua asubuhi. Alisubiri jua lizame. Kuku kiza kikiingia anatafuta pa kulala tu, hana muda wa kutoroka wala wa kupigana, na akiamka asubuhi ameamkia kwake. Nilisimama pale nikimtazama mama anafungua lile fundo, nikaona aibu kwa zile siku mbili nilizomnunia bibi.

Asili ya methali ni hiyo, na inaonekana katika kila ua wenye kuku. Wala haihitaji hadithi ya mfalme wala ya sungura. Lakini hebu tuyaangalie maneno yenyewe, kwa sababu yana ujanja.

Kwanza, kwa nini mguuni? Mbuzi hufungwa shingoni. Kuku ukimfunga shingoni atajinyonga, na ukimfunga mbawa atashindwa kujitetea. Mguuni anaweza kula, kunywa, kuparua na kulala. Kamba inamzuia jambo moja tu, nalo ni kurudi alikotoka. Mtu akisema kamba hii ni mateso, namwuliza kama amewahi kuangalia imefungwa wapi. Ni kamba ya mtu anayetaka kuku aishi.

Pili, kitenzi. "Hakosi." Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Mtenda katika sentensi ni kuku. Ukiisikia haraka unadhani kamba ni mali yake, amezaliwa nayo au amekuja nayo, kama jogoo asivyokosa upanga. Lakini hakuna kuku anayejifunga. Kamba ni ya mwenyeji, mkono uliofunga ni wa mwenyeji, fundo ni la mwenyeji, na siku ya kulifungua anaipanga mwenyeji. Methali imemtumia mwenyeji kwa kila kitu halafu imemficha. Ingeweza kusema "kuku mgeni hufungwa kamba", tukauliza amefungwa na nani. Imesema "hakosi", na swali limezimwa kabla halijaulizwa. Nadhani hapo ndipo maelezo ya shuleni yalipopotelea: yamemsoma kuku, hayakumwona mwenye ua. Alama ipo, sikatai, mtoto wa jirani alimjua tetea wetu kwa alama. Lakini alama ile ilikuwa inasema nyumbani kwake ni wapi. Ilimrudisha.

Tatu, muda. Kamba ya kuku mgeni si ya kudumu. Mtu akifuga kuku aliyefungwa mwaka mzima, majirani watamwuliza ana nini. Ndiyo maana naiona methali hii kama pacha wa ile nyingine, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hucheka kwa kudhani inamfukuza mgeni. Mimi naisoma kuwa siku ya tatu ndiyo jioni ya kumfungua. Anayepewa jembe ameingizwa shambani na wenzake, hana tena kiti chake cha plastiki.

Rafiki yangu mmoja darasani, baada ya kusikia haya, alinipinga vikali. Alisema ninapamba ukandamizaji. Alisema mgeni anafungwa ili asiharibu mambo ya wenyeji, na kwamba hata kama kamba ni ya siku saba, mwenye kamba ndiye mwenye nguvu. Nikamjibu kwa kumtajia sangara. Huyu si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Aliletwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Wataalamu wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka, sangara akiwa chanzo kikubwa ingawa si pekee. Huyo ni mgeni aliyeachiwa bila kamba, nikasema. Rafiki yangu akacheka, akanikumbusha kwamba jiji letu limeishi kwa minofu ya sangara, na akaongeza kwamba mfano wangu ungemfurahisha sana mtu yeyote anayewachukia wahamiaji. Ana haki. Sangara hafai kuwa mfano wa binadamu, na nisingependa mtu anukuu makala haya kwa kazi hiyo. Ila hata kwake lipo swali lile lile: tunasema "sangara alikuja", kana kwamba alinunua tiketi. Walimleta watu. Mkono umefichwa tena kwenye kitenzi.

Nguvu za mwenye kamba, hata hivyo, ni jambo la kweli, na fasihi ya Ukerewe inalifahamu vizuri. Kisiwa hiki kimoja kimetoa Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Kezilahabi, na sioni ajabu kwamba watu waliozungukwa na maji wameandika sana juu ya kuvuka na kurudi. Kitereza alimaliza kuandika kitabu chake cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Bugonoka ni bibi harusi, na bibi harusi ndiye kuku mgeni halisi katika jamii zetu: ametolewa ua huu akapelekwa ua ule. Hajapata mtoto, ndugu za mume wanasimanga, na wazazi wake wanakuja kumchukua. Inambidi Myombekere aende ukweni na atozwe pombe ndipo arudishiwe mke. Tazama basi. Kwa Kitereza, kuku akidonolewa na wenyeji wa banda, anayedaiwa faini ni mwenye banda. Hakuna anayesema Bugonoka maumbile yake hayafai pale. Ukoo mzima unashughulika, safari zinafanywa, ndizi zinakamuliwa, ili fundo lifungwe upya na lifungwe vizuri.

Sasa nirudi kwa Kazimoto. Riwaya ya Kichwamaji ilitoka 1974. Karibu yote inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, na inaishia kwa yeye kujiua. Wahakiki wengi wameandika juu ya kukata tamaa katika riwaya za mwanzo za Kezilahabi, na juu ya msomi wa Kiafrika aliyetengana na watu wake. Katika insha yangu nilifuata njia hiyo hiyo. Kazimoto ni samaki, kijiji ni nchi kavu, elimu imembadilisha mapafu, basi ni lazima afe. Insha ya namna hiyo inaandikika kwa usiku mmoja.

Nilipoisoma riwaya upya baada ya habari za tetea, nilijiuliza kitu ambacho mhakiki alipaswa kujiuliza tangu mwanzo: ni nani anayetuambia kwamba Kazimoto hafai pale? Ni Kazimoto. Sauti ni yake. Kijiji chote tunakiona kupitia macho ya mtu ambaye, kama Antoni, ameshaamua kwamba hawezi kukaa. Wazazi wake wanamhesabu kuwa mtoto wao. Sabina anakubali kuolewa naye. Wapo watu wanaoendelea kumwekea chakula pale pale mtini, kwa lugha ya ua wetu, lakini msimuliaji anakitazama kile chakula kama mtu aliyesimama ng'ambo. Sisemi kwamba mateso yake ni ya kujitakia. Dada yake Rukia anaharibiwa maisha na Manase, msomi mwenzake mwenye cheo, na hilo si jambo la mawazo tu. Ninachosema ni kwamba samaki na kuku wanatupa riwaya mbili tofauti. Ukimwita Kazimoto samaki, umeamini kila anachosema juu ya nafsi yake. Ukimwita kuku mgeni, unalazimika kuuliza alifungwa na nani, wapi, na kwa nini jioni ya kufunguliwa haikufika.

Tena kuna ubaya mwingine uliofichika. Kijiji si ugenini kwa Kazimoto, ni kwao. Alipaswa kuwa kuku wa nyumbani. Kama ana kamba, basi ilifungwa kwenye ua mwingine, huko shuleni, na fundo lake ni la kule. Mama yake hawezi kulifungua kwa sababu hakulifunga yeye. Hapa ndipo naona methali inaifikia riwaya mahali ambapo tashibiha ya samaki haifiki. Elimu ya enzi ile ilimchukua mtoto mmoja mmoja kutoka kijijini, ikamfunga bwenini miaka mingi, na hakuna aliyepanga siku ya kumfungua. Rosa wa Rosa Mistika, riwaya ya 1971, naye anatoka Namagondo, kijiji alichozaliwa mwandishi mwenyewe, akavuka kwenda kusoma, na tunajua alivyoishia.

Naandika haya nikijua kwamba ninajizungumzia. Mimi sikupelekwa bwenini, lakini nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikatoa simu, na Kikerewe sikijui. Nilipompigia bibi simu kumweleza kwamba nimeielewa methali yake, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza tetea ameshataga? Nikamwambia bado. Akasema nikienda tena niende mwezi wa kulima, nisiende Krismasi. Krismasi watu wote ni wageni.

Insha niliiandika upya, ingawa alama zilikuwa zimeshaingizwa. Nilifuta samaki. Niliweka kwamba Kazimoto ni kuku aliyerudishwa bandani kwao na kamba ya ua mwingine mguuni. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwake, akapiga mstari chini ya sentensi hiyo, mweusi safari hii, na pembeni akaandika: "Nani alimfunga?" Nikamwambia ndilo swali langu. Akasema basi liandikie makala. Habari za Mtakatifu Antoni nilimweleza pia, akacheka sana, akakataa kufuta "Kiingereza hiki" kwenye insha ya kwanza.

Tetea yule bado tunaye. Ameshaatamia mara mbili. Mwezi uliopita mama alinunua jike mwingine sokoni, akamfunga kwenye mti ule ule, na wa kwanza kumdonoa alikuwa yeye.